Oktoba katika daftari la fundi

Anayetaka kujua watu wa Magwagwa walifurahia nini miaka arobaini au hamsini iliyopita, aombe kuona daftari la fundi cherehani. Faili za chifu zitampa kodi na kesi za mipaka. Rejista ya shule itampa majina ya waliofika darasa la saba. Lakini ni fundi aliyeandika nani alitaka gauni, la kitambaa gani, la kwendea wapi, na pesa zilipatikana lini. Madaftari yangu nimeyaweka katika sanduku la bati. Moja limeliwa na mchwa pembeni, mengine yanasomeka vizuri. Fungua ukurasa wowote wa Februari au wa Mei, utakuta safu ya malipo iko tupu, ama ina shilingi chache za kuanzia kazi. Fika Oktoba, na safu hiyo imejaa kutoka juu hadi chini.

Vijana wetu wanaujua mwezi huu kama mwezi wa bonasi, na wanadhani mambo yamekuwa hivyo tangu mababu. Sivyo. Msimu huu wa raha uliletwa na zao moja na utaratibu wake wa malipo, katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, na kabla yake tulikuwa na msimu mwingine kabisa.

Magwagwa ni wadi ya North Mugirango, kaunti ya Nyamira, pale milima ya Abagusii inapoanza kuinama kuelekea mto Sondu. Ng'ambo ya mto wanakaa Wakipsigis wa Kericho. Ukiteremka upande wa magharibi unafika Chabera, kwa Wajaluo. Sisi wenyewe ni Abagirango, watu wa chui. Soko letu ni dogo, maduka ya safu mbili na uwanja wa udongo mwekundu, lakini siku ya soko utasikia lugha tatu zikipatana bei, na fundi asiyejua kuhesabu kwa lugha za jirani zake alikosa wateja wazuri.

Nyanya yangu mzaa baba hakuujali mwezi wa Oktoba hata kidogo. Mwaka wake ulikuwa wa wimbi. Wimbi ulipandwa mvua za mwanzo wa mwaka zilipokaribia, ukapaliliwa kwa taabu kubwa, ukavunwa Julai na Agosti. Ghala likishajaa ndipo starehe zilipoanza: pombe ya wimbi, mahari kuzungumzwa, harusi, wazee na obokano, ala yetu ya nyuzi, jioni. Kisha Novemba na Desemba vijana walitahiriwa na kuwekwa ndani. Hata kazi yenyewe ilikuwa na raha yake. Mtu aliyekuwa na shamba kubwa la kupalilia aliita risaga: majirani walifika na majembe alfajiri, na mchana mwenye shamba aliwaketisha kwenye mtungi. Wanawake walikuwa na egesangio, kikundi cha kupokezana, leo shambani kwako, kesho kwangu. Nyanya alisema nyimbo alizozipenda zaidi maishani mwake alizijua akiwa ameinama kupalilia. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani waliofanya utafiti katika kijiji kimoja cha Gusii kati ya 1955 na 1957, waliukuta utaratibu huo wa risaga ungali hai na kuuandika katika kitabu chao Nyansongo, kilichotoka mwaka 1966. Nimekisoma mara nyingi kwa sababu watu waliomo ni wa rika la wazazi wangu.

Ninalotaka msomaji aliangalie hapo ni mahali. Raha ya wimbi ilikuwa nyumbani na shambani. Mtu hakwenda popote kuitafuta. Kama alitoka, alitoka na mzigo wa nafaka hadi soko la Sondu kubadilishana na samaki na vyungu vya Wajaluo, akarudi kabla ya giza.

Majani chai tuliyajua kwanza kama watu wa kuyachumia wengine. Kampuni kubwa, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, na kodi ya kibanda ikawasukuma wanaume wetu kuvuka mto kwenda kuchuma. Walichuma majani mawili na ncha yake, wakapimiwa, wakalipwa, wakarudi. Kupanda kwenye shamba lako mwenyewe Mwafrika hakuruhusiwa. Kahawa ndiyo iliyotangulia kufunguliwa, katikati ya miaka ya 1930, na Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika walipewa ruhusa hiyo, kwa masharti mengi. Chai ilingoja mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni iliunda mamlaka ya mazao maalumu, na Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, ikafuata KTDA, mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo.

Baba alipanda miche yake ya kwanza kwenye kipande kilichokuwa cha wimbi. Nyanya hakusema neno siku ile. Alikwenda akachukua mbegu zake za wimbi akazihamishia kona ya chini, karibu na migomba, na huko akaendelea kulima mpaka nguvu zilipomwishia.

Mwezi wa Oktoba uliingiaje? Kwa hesabu. Mkulima hupeleka majani mabichi kituoni, yanapimwa, na kila mwezi analipwa kiasi kidogo kwa kila kilo. Yale majani, karibu kilo nne na nusu kwa kila kilo moja ya chai kavu, husindikwa kiwandani na kupelekwa mnadani. Mnada ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Mwaka wa fedha unafungwa mwishoni mwa Juni. Kisha makarani wanakaa na vitabu: chai iliuzwa pesa ngapi, kuni zilikula ngapi, mbolea, mishahara, usafiri. Kinachobaki kinagawanywa kwa kilo, na mgao huo, malipo ya pili, hutufikia Oktoba. Hiyo ndiyo bonasi. Hakuna mzee wa ukoo aliyeketi akaamua kuwa mwezi huo uwe wa furaha. Wahasibu waliuchagua bila kujua, na ukaangukia palepale mvua za vuli zinapokolea, watoto wako kwenye mitihani, na Desemba ya sherehe inakaribia.

Mimi nilijifunza cherehani kwa mjomba wangu, miaka ya sabini, na yeye alijifunza mjini Kisii kwenye baraza la duka la Mhindi. Ufundi huu ulikuja kwetu kwa njia hiyo. Waingereza waliweka boma Kisii mwaka 1907, wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata mara moja, na kila duka la vitambaa lilikuwa na cherehani nje, barazani, ili mteja anunue yadi zake ndani na kushonewa hapohapo. Mwanzoni waliokanyaga pedali walikuwa Wahindi wenyewe. Baadaye wakachukua vijana wetu wa kuweka vifungo na kupindia, na vijana wakaiba ufundi kwa macho, jinsi mjomba alivyokuwa akisema kwa fahari. Alipopata Singer yake ya kukanyaga aliipandisha kwenye lori la mahindi, akaileta Magwagwa, akaiweka mbele ya duka la chumvi na mafuta ya taa. Mabaraza ya Magwagwa yote yalifuata mfano huo, na bado machache yapo.

Alinifundisha kupima kwa futi bila kumgusa mwanamke mahali pasipofaa, kukata gabadini bila kupoteza hata kipande cha mfuko, kuwasha pasi ya makaa na kuijaribu kwa mate kabla ya kuiweka kwenye satini. Pia alinifundisha daftari. Watu wetu hawakuwa na pesa miezi mingi ya mwaka, lakini walikuwa na majani. Mtu aliyeleta kitambaa mwezi wa Machi alisema, "Fundi, niandike. Bonasi ikitoka tutaonana." Nami nilimwandika. Mwenye duka alimwandika, mwenye hoteli alimwandika, hata mwenye kinu. Soko zima liliendeshwa kwa ahadi ya Oktoba. Nimesikia wasomi wakisema wakulima wetu hawakuwa na njia ya kupata mkopo. Walikuwa nayo, na benki yake ilikuwa imani ya watu wa baraza.

Bonasi ilipotangazwa kwenye redio, kiasi kwa kilo, mjomba alitoa cherehani ya pili iliyokuwa ikikaa ndani. Tulishona hadi usiku kwa taa ya karabai. Kwenye ukurasa wa mwaka 1977 mwandiko wangu ni wa haraka kuliko mahali pengine popote. Mwaka ule bei ya chai duniani ilipaa, na Magwagwa nzima ilitaka kaunda suti. Kaunda suti, kaunda suti, suruali ya belboto, gauni la krimplini, kaunda suti. Walimu walitaka ya rangi ya kahawia, wazee wa kanisa walitaka ya kijivu. Kijana mmoja aliyeoa mwaka huo alitaka nyeupe, na ilibidi mjomba aende mwenyewe Kisii kuitafuta.

Safari hiyo ya Kisii ya kununua vitambaa ndiyo iliyonionjesha mji. Tulipanda matatu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya chai. Mchana ulikuwa wa maduka: kufungua jora, kuvuta uzi kuujaribu kama ni pamba, kubishana na mwenye duka ambaye mjomba alimwita kaka. Saa nane mvua ilinyesha, kwa sababu Kisii Oktoba mvua huja mchana, kutoka upande wa ziwa, na watu wote walikimbilia mabarazani. Hapo mgeni na mwenyeji, karani na mbeba mizigo, walisimama bega kwa bega wakingoja, na maongezi yaliyotokea humo sijayasikia kwingine. Ikipusa tuliingia hotelini. Chai ya maziwa yenye tangawizi, mandazi moto, na kama biashara imekwenda vyema, nyama ya kukaanga na obokima, ugali wetu. Mahali fulani rekodi ya benga ilikuwa ikipigwa, miaka ya baadaye mara nyingi ya Christopher Monyoncho, aliyeimba kwa lugha yetu. Mimi nilikuwa kijana, nimebeba jora begani, na nilijiona mtu wa mji.

Raha za sokoni kwetu zilikuwa ndogo kuliko hizo, lakini nazitaja moja moja kwa sababu hakuna atakayezitaja. Mpiga picha aliyekuja na pazia lake lililochorwa ngazi na maua, na familia nzima ikasimama mbele yake katika nguo nilizozishona jana, baba ameshika redio mpya ili nayo iingie kwenye picha. Mabati mapya, na mwenye nyumba aliyekaa ndani mvua ya kwanza ilipopiga, amefunga mlango, anasikiliza tu. Kumbikumbi waliotoka baada ya mvua, wakakaangwa kwa chumvi na kuuzwa kwa kikombe. Kadi za kuwatakia watoto heri ya mtihani, zilizojaa kwenye meza za wachuuzi kila Oktoba, nyingine zikicheza muziki ukizifungua. Mtoto wa darasa la mwisho alihesabu alipata ngapi. Soda ya baridi, ukikuta duka lenye friji ya mafuta ya taa. Tarehe 20 kulikuwa na Siku ya Kenyatta, ambayo katiba ya 2010 iliibadilisha kuwa Siku ya Mashujaa, na shule zilishindana kwa nyimbo na gwaride katika sare nilizopiga pasi mimi.

Ijumaa ilikuwa na joto lake. Waadventista wana nguvu sana Gusii tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanzishwa kando ya mji wa Kisii mwanzoni mwa miaka ya 1910, na Sabato yao huanza jua likizama. Nguo ya kanisa isipokuwa tayari Ijumaa saa kumi na mbili, haina maana tena. Ijumaa za Oktoba baraza letu lilijaa akina mama wanaosimama, watoto waliovaa nusu nguo, na jicho la kila mtu liko kwenye jua. Nami nawaheshimu watu hawa kwa jambo moja ambalo wageni hawalioni. Mafundisho yao hayapendi chai wala kahawa. Wengi wao walipanda chai, wakaichuma kwa jasho, wakajengea makanisa na kulipia karo kwa pesa zake, na nyumbani mwao mgeni alipewa uji au maziwa ya moto.

Si kila Oktoba ilikuwa ya kushangilia. Mvua ya mawe ya nyanda hizi ni kali, na miaka ya 1960 huko Kericho walijaribu hata kurusha roketi mawinguni ili kuizuia. Ikipiga shamba lako Machi, bonasi yako imepungua kabla haijahesabiwa. Na kuna wanaume waliochukua pesa, wakapanda gari la kwenda mjini, wakaonekana tena zilipokwisha. Wake zao walikuja kwangu kuomba niwavumilie na deni la sare za watoto. Niliwavumilia. Magazeti hupenda habari hiyo kila mwaka, mkulima aliyepotelea kwenye nyumba ya kulala wageni, na ni kweli hutokea. Kinachoniudhi ni kuifanya kuwa hadithi yote ya bonasi. Daftari langu linasema vingine. Waliolipa ni wengi kupita waliokimbia, na karibu na jina la mwanamume ambaye soko lilimcheka kwa ulevi nimeandika: sare tatu, gauni la mama yake, zimelipwa zote.

Kulikuwa na nguo moja ya msimu huu ambayo nilishona kwa muda mrefu na sasa sishoni. Desemba wasichana walipotoka ndani baada ya kukeketwa walivishwa magauni mapya, na oda zake zilifika Oktoba pamoja na pesa. Kwa miaka mingi desturi hiyo haikuhojiwa barazani. Binti zangu ndio walioihoji. Sheria ya mwaka 2011 iliharamisha ukeketaji kote nchini, na nilifurahi siku ilipopita. Mtu akija leo na oda ya gauni la aina hiyo, namwambia wazi kwamba kwangu halishonwi.

Kilichopunguza kurasa zangu ni mitumba. Hadi miaka ya 1980 vitambaa vyetu vilitoka viwanda vya humu nchini, Kicomi ya Kisumu, Rivatex ya Eldoret, na nguo kuukuu za ng'ambo zilikuwa zimezuiwa. Masharti hayo yalilegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota ya mitumba yakaingia, Kicomi ikafungwa. Sokoni Daraja Mbili, Kisii, suruali iliyovaliwa Ulaya ikawa bei ya kushona mfuko mmoja. Watu walichagua walichoweza, siwalaumu. Lakini mafundi wa baraza letu waliondoka mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao aliuza cherehani yake kwa mwenye kinu aliyetaka chuma chake tu. Niliyobaki nayo ni kazi ambayo robota haliwezi: sare za shule, sare za kwaya, sare za harusi, na kupunguza mitumba mikubwa ikae mtu sawa.

Binti yangu wa pili anaishi Brooklyn Park, Minnesota, ambako Abagusii ni wengi kiasi cha kuwa na makanisa yao. Kila Oktoba hunitumia picha za miti iliyogeuka rangi nyekundu na ya dhahabu, na majani yaliyotapakaa barabarani. Ananiambia watu wa huko hutoka kwenda kuyatazama tu, wakanunua maboga, wakanywa kitu cha moto, wakarudi. Nilimwelewa haraka. Nao wamepewa mwezi mmoja wa kufurahi kabla ya miezi migumu, na wanautumia. Tofauti ni kwamba majani yao huwafurahisha yakianguka, yetu yalishachumwa na kupimwa tangu mwaka jana. Yeye naye, akiwa kule, huulizia kiasi cha bonasi kabla ya kuulizia afya yangu, kwa sababu chai ya baba yangu sasa iko kwa jina la kaka yake na anataka kujua kama fedha za paa la nyumba zitatosha au atume yeye.

Mambo yamebadilika pia katika njia ya pesa zenyewe. Zamani mkulima alisafiri hadi benki, akapanga foleni tangu alfajiri, na watu wote walijua amelipwa. Leo simu inalia mfukoni mwake akiwa shambani. Pesa zikiingia, wengine huenda Kisii kuiona timu ya soka ya Shabana ikicheza Gusii Stadium, tangu timu irudi ligi kuu mwaka 2023, na wakirudi utawajua kwa skafu za rangi shingoni. Kiasi cha bonasi chenyewe kimekuwa cha kuumiza miaka mingine. Wakulima wa mashariki ya Bonde la Ufa hupata zaidi yetu kwa kilo, na kila mwaka barazani watu wanauliza kwa nini, wakiwa wameshika gazeti, na wana haki ya kujibiwa kwa hesabu zilizo wazi. Ushuhuda wa mtu aliyechuma kwa mikono yake mwaka mzima usipuuzwe kwa tangazo la mistari miwili.

Lakini badiliko lililonigusa zaidi liko kwenye safu ya majina. Katika madaftari ya mjomba, oda ni za "mke wa fulani", "mama wa watoto wa fulani", na anayelipa ni fulani. Nambari ya mkulima, ile ya kupimia majani kituoni, ilikuwa ya mume, na bonasi ilimfuata mwenye nambari, hata pale ambapo kila jani lilichumwa na mke. Katika kurasa za miaka ya karibuni wanawake wa hapa kwetu wameanza kujiandikisha kwa majina yao, wengine kwa vipande walivyorithi, wengine kwa mashina ambayo waume waliwakatia baada ya mabishano ya miaka. Oktoba iliyopita mjane mmoja kutoka chini karibu na mto alikuja na vitambaa vya gauni lake, vya sare za wajukuu, na cha blauzi ya rafiki yake wa egesangio, kwa maana vikundi vile vimerudi, sasa kwa kuchuma chai. Aliniuliza jumla ni ngapi. Nilipochukua kalamu nimwandike, alinizuia, akatoa simu, akalipa yote kabla sijakata kitambaa.